Dishi Lililokaribisha Waya

Mwezi Mei 2006 kampuni ya Sky ya Uingereza iliingiza sokoni king'amuzi kipya cha picha angavu, Sky+HD. Ndani kilikuwa na diski ngumu ya gigabaiti 300. Mgongoni kilijaa matundu: la kebo ya dishi, la televisheni, la simu, na dogo moja la kuchomekea waya wa mtandao wa kompyuta. Hilo la mwisho halikuwa na kazi. Ungechomeka waya, king'amuzi kingekaa kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Lilibaki hivyo hadi Oktoba 2010, zaidi ya miaka minne, ndipo Sky ilipoanza kuwapelekea wateja wake filamu za kuagiza hadi kwenye king'amuzi kwa njia ya intaneti.

Kampuni haiweki tundu kwenye mamilioni ya ving'amuzi kwa kusahau. Wahandisi wa televisheni ya setilaiti walijua siku inakuja ambayo dishi peke yake halitatosha. Wakubwa wao nao walijua, ila sidhani kama walikuwa na haraka ya kuiona siku hiyo.

Shida ilianza na umbile la setilaiti yenyewe. Setilaiti ya matangazo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikizunguka sambamba na dunia ili kutoka chini ionekane imesimama. Kutoka huko humwaga mawimbi juu ya nchi nzima kwa mpigo mmoja. Ni mpiga mbiu hodari: akipaza sauti kijiji kizima husikia, lakini hawezi kumnong'oneza mtu mmoja, na anayemjibu hamsikii. Kwa mpira wa miguu, taarifa ya habari au hotuba ya rais, hiyo ni neema tupu, kwa sababu wote wanataka kitu kilekile kwa wakati uleule. Filamu ndiyo iliyoleta taabu. Huyu anaitaka saa mbili usiku, yule baada ya kuwalaza watoto, na wa tatu anataka nyingine kabisa.

Waliogundua faida ya mbiu hiyo walikuwa HBO, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza filamu kwa watazamaji wa kebo. Tarehe 30 Septemba 1975, kwa saa za Marekani, ilirusha kwa setilaiti pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila, lile ambalo Frazier alizuiwa na watu wake mwenyewe asitoke kwa raundi ya 15. Waliolipokea kwa njia hiyo walikuwa wateja wa kebo katika miji michache tu, mmojawapo ukiwa Jackson, jimbo la Mississippi. Tutakutana na Jackson tena.

HBO haikufikiria kwamba mtu wa kawaida angeweza kuyanasa mawimbi yake. Mwaka uliofuata Taylor Howard, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford, alijiundia dishi nyumbani kwake California akaanza kutazama filamu za HBO bila kulipa. Kwa kuwa alikuwa muungwana, aliiandikia kampuni hundi ya dola 100. Ikarudishwa. HBO ilimjibu kwamba inafanya biashara na kampuni za kebo, si na mtu mmojammoja. Basi yule ambaye pengine ndiye mteja wa kwanza wa filamu za setilaiti nyumbani alitoa fedha zake kwa hiari, zikakataliwa.

Mwaka 1979 serikali ya Marekani iliondoa sharti la leseni kwa madishi ya kupokea tu, na Krismasi ya mwaka huo duka la kifahari la Neiman Marcus liliweka dishi la nyumbani kwenye orodha ya zawadi zake kwa dola 36,500. Bei ikaanguka upesi. Katikati ya miaka ya 1980 madishi makubwa ya mita mbili tatu yalikuwa yameota kwenye nyua za mashambani ambako kebo haikufika, na chaneli zote zilikuwa wazi. Januari 1986 HBO ikafunga mawimbi yake kwa ufunguo wa kielektroniki na kudai dola 12.95 kwa mwezi. Wenye madishi walinuna, wauza madishi wakakosa wateja. Mmoja wao, John MacDougall wa Ocala, Florida, alikuwa pia na kibarua cha usiku kwenye kituo cha kurushia mawimbi. Usiku wa tarehe 27 Aprili 1986 aligeuza mtambo wa kituo hicho kuelekea setilaiti ya HBO, akaizamisha filamu iliyokuwa hewani na kuweka maandishi yake ya malalamiko juu ya bei, akijiita Captain Midnight. Yalikaa dakika nne na nusu hivi. Alitozwa faini ya dola 5,000.

Namtaja kwa sababu alifanya kwa ubavu jambo ambalo hakuna mteja mwingine wa setilaiti angeweza kulifanya: alijibu. Wenzake walikuwa wapokeaji tu.

Jibu halali lilipita kwenye waya wa simu. Tarehe 17 Juni 1994, huko Jackson, Mississippi, kampuni ya DirecTV ilianza kuuza huduma mpya ya kidijitali kwa dishi la inchi 18, linaloweza kubebwa kwapani. King'amuzi chake kilikuwa na kadi yenye chipu na modemu ya simu. Ukitaka filamu ya kulipia, unabonyeza rimoti, kadi inafungua mawimbi na kuandika deni lako kwenye kumbukumbu yake. Baadaye, kwa wakati wake, king'amuzi kinapiga simu makao makuu kimyakimya na kutoa ripoti ya ulichonunua. Filamu yenyewe haikupita kwenye simu hata kidogo. Ilikuwa tayari inalimwagikia paa lako, na la jirani yako asiyeitaka pia. Ulichonunua ni ufunguo.

Kuhusu muda wa kuanza, DirecTV ilitumia ujanja wa hesabu. Filamu moja iliwekwa kwenye chaneli kadhaa na kuanzishwa kwa kupishana. Ukitaka filamu ya saa mbili ianze kila baada ya nusu saa, unahitaji chaneli 4. Filamu 10 za aina hiyo zinakula chaneli 40. Mtazamaji alihisi kama anaagiza, kumbe anasubiri basi linalofuata. Na kila chaneli iliyokwenda kwenye filamu ilikuwa chaneli iliyonyimwa kitu kingine, kwani nafasi ya mawimbi angani haiongezeki kwa kuomba.

Watu wa kebo walicheka, kwa muda. Kebo ina kwenda na kurudi. Desemba 1994 kampuni ya Time Warner ilifungua Orlando, Florida, mradi uliolenga nyumba 4,000, kila moja ikiweza kuita filamu yake, kuisimamisha na kuirudisha nyuma, kila nyumba ikipewa mkondo wake kutoka kwenye kompyuta kubwa. Kwa utaalamu ulikuwa mbele ya wakati wake. Kwa mfuko ulikuwa balaa: kila kisanduku kiligharimu maelfu ya dola. Ulifungwa 1997. Lakini wazo lilikuwa limeshaonekana likifanya kazi, na watu wa dishi walijua kwamba mtandao wa kebo utakapokuwa wa bei nafuu, wao hawatakuwa na jibu.

Wokovu wao ulitoka kwenye kompyuta. Mwaka 1999 TiVo ilianza kuuza mashine ya kurekodi televisheni kwenye diski ngumu, bila kanda. Mwaka uliofuata diski hiyo ikaingia ndani ya king'amuzi cha DirecTV, na 2001 Sky ikatoa Sky+ yake. Wateja waliipenda kwa kuwa walisimamisha mechi waende jikoni. Wenye setilaiti waliona jambo kubwa zaidi. Kama hatuwezi kumpelekea mtu filamu anapoiomba, tumpelekee kabla hajaomba. Usiku wa manane, mawimbi yakiwa na nafasi, setilaiti inamwaga filamu kwa nchi nzima, ving'amuzi vyote vinaimeza, na asubuhi mtazamaji anaikuta kwenye orodha, tayari kuanza sekunde hiyohiyo.

Sky iliita huduma hiyo Sky Anytime, 2007. Ndipo wateja wa kile king'amuzi cha gigabaiti 300 walipoelewa vizuri kwa nini wao wenyewe waliruhusiwa kutumia 160 tu. Zilizobaki zilikuwa za kampuni, zilizotengwa tangu kiwandani. Ni mpango wa kijanja, nami nauheshimu, ingawa una dosari isiyofichika: anayechagua filamu ni kampuni. Wewe unachagua ndani ya kile ulichokwisha kuchaguliwa. Diski ikijaa makumi machache ya filamu, imejaa, na mpenzi wa filamu za Kihindi za zamani hana lake.

Marekani, DirecTV ilikuwa wakati huo chini ya Rupert Murdoch, ambaye kampuni yake ya News Corp iliidhibiti tangu mwisho wa 2003 hadi 2008, na ambaye pia alikuwa na mkono mkubwa ndani ya Sky. Si ajabu basi kwamba king'amuzi cha HR20 alichokitoa 2006 kilifanana kimawazo na kile cha Uingereza: diski kubwa, sehemu yake imehifadhiwa kwa kampuni, na tundu la mtandao mgongoni. Tofauti ni kwamba Wamarekani hawakungoja miaka minne. Mwaka 2007 wateja wa kujitolea walianza kuijaribu huduma ya kuagiza kwa intaneti, na 2008 ikafunguliwa kwa wote.

Ilivyofanya kazi ni hivi. Mteja alipanda hadi chaneli za namba 1000 na kuendelea, akapekua orodha, akachagua. Ombi lilitoka kwenye king'amuzi, likapita kwenye intaneti ya nyumbani hadi kwenye kompyuta za kampuni, na filamu ikaanza kushuka vipandevipande kwenye diski. Ilikaa kwenye orodha pamoja na vipindi alivyorekodi mwenyewe. Mwenye mtandao wa kasi aliweza kuanza kutazama huku mwisho wa filamu ukiwa bado njiani.

Wengi hawakuwa na mtandao huo. Chukua filamu ya saa mbili yenye gigabaiti 3, picha ya kawaida tu. Kwenye mtandao wa megabiti 1.5 kwa sekunde, ambao nyumba nyingi za Marekani zilikuwa zikiulipia wakati ule, inahitaji muda wa karibu saa nne na nusu kushuka. Iwe ya picha angavu, yenye gigabaiti 8, unangoja karibu saa 12. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuagiza ilivyokuwa 2008: unaagiza leo, unatazama kesho. Kwa hiyo kampuni ilichanganya njia mbili. Filamu mpya zilizotarajiwa kupendwa na wengi zilimwagwa na setilaiti kabla, na zile za wachache zikaachiwa intaneti. Kwenye kioo zilikaa orodha moja. Kwa maoni yangu hapo ndipo uhandisi wa televisheni ya setilaiti ulipofika kilele chake, mbiu na mnong'ono vikifanya kazi ndani ya kisanduku kimoja.

Kikwazo kingine kilikuwa cha kawaida mno: waya. Kifaa cha intaneti kilikaa chumba cha kompyuta, televisheni ikakaa sebuleni, na hakuna aliyetaka kutoboa kuta. Wengine walipitisha mtandao kwenye nyaya za umeme wa nyumba. Baadaye DirecTV ilipata dawa bora, kwa kuupitisha mtandao ndani ya ileile kebo iliyotoka kwenye dishi. Mawimbi ya angani na intaneti ya mtaani yakaanza kutembea kwenye waya mmoja bila kugongana.

Studio za Hollywood nazo zilikuwa na masharti yao. Ilikuwa kawaida ya wateja kununua filamu ya kulipia, kuirekodi na kuitunza. Mwaka 2008 DirecTV ilianza kuifuta filamu ya namna hiyo baada ya saa 24. Kisha Aprili 2011 studio nne kubwa zilithubutu jambo jingine pamoja na DirecTV: kuleta filamu nyumbani siku 60 hivi tangu ianze kuonyeshwa sinema, kwa dola 29.99. Ya kwanza ilikuwa vichekesho vya Adam Sandler. Wenye majumba ya sinema waliwaka, na waongozaji maarufu, James Cameron akiwemo, wakatia saini barua ya kupinga. Mpango ukafifia. Ilibidi lije janga la Uviko mwaka 2020, majumba yamefungwa, ndipo Universal ikaipeleka Trolls World Tour moja kwa moja majumbani kwa dola 19.99 na wapinzani wakakosa pa kusimamia.

Mshindani wa DirecTV, kampuni ya Dish ya Charlie Ergen, ilichukua njia ambayo hadi leo inanishangaza. Aprili 2011 ilinunua kwenye mnada wa mufilisi maduka ya kuazimisha filamu ya Blockbuster, kwa takriban dola milioni 320. Hapo zamani kidogo Blockbuster ndiyo iliyokuwa filamu ya kuagiza ya Marekani nzima: ulikwenda kwa miguu yako, ukachagua, ukarudi na kanda. Ergen alitaka jina na mikataba ya filamu, avitie ndani ya ving'amuzi vyake. Jina halikumsaidia. Novemba 2013 Dish ilitangaza kuyafunga maduka 300 hivi yaliyobaki mikononi mwake.

Aliyewaua wote wawili, duka na ndoto ya Ergen, hakuwa na dishi wala duka. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ilianza kuonyesha filamu kwenye intaneti Januari 2007. Mei 2008, mwaka uleule DirecTV ilipoufungua mlango wake wa intaneti, kampuni ya Roku ilitoa kisanduku kidogo cha dola 99.99 kilichoingiza Netflix kwenye televisheni. Hakikuwa na diski ya kuhifadhia filamu. Hakikuhitaji fundi wa kupanda paani. Kadiri mtandao wa nyumbani ulivyoongezeka kasi, zile saa nne na nusu za kungoja zikawa dakika, kisha sekunde, na ile sababu ya kuwa na diski, sababu ya kupakua usiku, sababu ya kuhesabu chaneli angani, zote zikayeyuka.

Kampuni za dishi zilikwishawafundisha wateja wao kuchomeka intaneti kwenye televisheni. Zilikuwa zimewafungia hata nyaya. Desemba 2014 Dish iliiweka Netflix yenyewe ndani ya king'amuzi chake cha Hopper, ya kwanza miongoni mwa kampuni kubwa za televisheni ya kulipia Marekani kufanya hivyo. Mwaka 2015 AT&T iliinunua DirecTV kwa dola bilioni 48.5, bila kuhesabu madeni, na miaka mitatu tu baadaye mkuu wake mmoja akasema wamekwisha kurusha setilaiti yao ya mwisho. Sky, ile ya tundu lisilo na kazi, ilitoa Oktoba 2021 televisheni iitwayo Sky Glass, isiyohitaji dishi kabisa.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. MultiChoice ya Afrika Kusini ilianzisha DStv mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya DirecTV, kwa hiyo dishi dogo la kidijitali halikuchelewa kufika Nairobi na Dar es Salaam. Kilichochelewa ni intaneti. Hadi Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam, mawasiliano ya kimataifa ya Afrika Mashariki yalitegemea zaidi setilaiti, kwa bei ya kutisha. Kupakua filamu kwenye king'amuzi kwa njia hiyo kungekuwa wazimu.

Lakini hamu ya kuchagua haikungoja mkongo. Vibanda vya video vilikuwa na wafasiri wao, Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda, waliozisimulia upya filamu za Hong Kong na Hollywood kwa lugha na utani wa mitaa yao. Kompyuta zilipoenea, kijana wa kibandani akawa na diski iliyojaa muvi: unampa flashi, unamtajia unachotaka, anakujazia kwa pesa kidogo. Wenye hakimiliki hawakuona senti, na hilo si jambo la kusifia. Kama huduma, hata hivyo, iliwashinda Sky na DirecTV. Mteja alichagua mwenyewe, alipata papo hapo, na filamu haikufutika baada ya saa 24.

MultiChoice ilipoingia kwenye filamu za kuagiza, Julai 2011 huko Afrika Kusini, ilirudi kwenye mbinu ya kumwaga usiku. BoxOffice ilijaza filamu 15 hivi kwenye diski ya king'amuzi kwa setilaiti, mteja akakodi moja kwa randi 25, akiagiza kwa ujumbe wa simu au mtandaoni. King'amuzi chake cha Explora cha 2013 kilikuja na diski ya terabaiti 2 na tundu la mtandao, na vipindi vya ziada vya kupakua vikafuata baadaye. Tarehe 6 Januari 2016 Netflix ikajifungua kwa nchi 130 kwa siku moja, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Hapo wengi walitabiri kwamba dishi limekwisha nasi pia. Waliotabiri hawakuwa wakinunua bando kila wiki. Filamu ya gigabaiti 3 iliyomwagwa na setilaiti haigusi bando hata kidogo, iwe uko Masaki au Namanyere, na nyumba ya kijijini huipokea sawasawa na hoteli ya Mombasa. Ile mbinu ambayo Waingereza na Wamarekani waliitumia kama daraja la miaka michache, wakisubiri mtandao wa kasi, kwa mtu anayelipia data kwa kipimo bado ina hesabu nzuri. Explora Ultra, iliyotolewa 2020, inabeba Netflix ndani yake kwa wenye mtandao, na bado ina diski na tundu la kebo ya dishi.